Mwalimu Aliyetufundisha Mursa

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu, ulikuwa unasema neno "ushindi" mbele yake. Hata kama ni wa mpira. Mwanangu wa kwanza aliwahi kurudi kutoka shule ya hapa Euless na medali ya plastiki shingoni, akamwambia kwamba wameshinda. Mwalimu aliigeuza ile medali, akaitazama mbele na nyuma, akauliza, "Walioshindwa wanakaa wapi?" Mtoto akasema wanakaa hapa hapa, ng'ambo ya barabara. "Basi mmewashinda majirani," akasema Mwalimu, akamrudishia. Mtoto akaja kulia jikoni. Nilitoka na mwiko mkononi, tukagombana mpaka bugali ukapoa.

Nilimfahamu karibu miaka ishirini, katika nchi mbili za ugenini. Kwanza kambini Tanzania, ambako alitufundisha historia chini ya turubai, kisha hapa Texas, ambako mimi na yeye tulipangiwa zamu moja katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Chini ya kizibao cha njano cha ghalani alivaa shati la mikono mirefu na tai, kila siku. Supavaiza alipomwambia tai ni hatari karibu na mikanda ya mashine, aliisokomeza ndani ya shati kati ya vifungo viwili na kuendelea kuivaa. "Nimepoteza nchi," aliniambia. "Tai siwapi."

Somo lake lilikuwa moja. Najua alifundisha na mengine, maana mtihani wa kambini ulitaka mengine, lakini kila njia kichwani mwake iliishia Mursa. Mursa ulikuwa mji kando ya mto Drava, huko Ulaya, zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Hapo majeshi mawili yalikutana kuuana, na yote mawili yalikuwa ya Roma. Wakati wa mapumziko ghalani Mwalimu alipasua boksi tupu, akalitandaza mezani katikati ya vyakula vyetu, akachora kwa kalamu nene ya kuandikia mizigo. Mto. Ukuta wa mji. Uwanda.

"Huyu wa magharibi alikuwa jenerali," alianza. "Kaizari wake aliuawa, yeye akajikalisha kitini. Huyu wa mashariki ni ndugu wa yule aliyeuawa. Majina yao siyataji. Yametajwa ya kutosha."

"Sasa mwenye haki ni nani?" aliuliza Mrundi mmoja aliyekuwa akila nasi.

"Hilo ni swali la kaizari. Uliza swali la askari! Pande zote mbili wanapewa amri kwa Kilatini kimoja. Wamebeba ngao za nchi moja. Giza likiingia hujui unayemchoma ni nani mpaka amwite mama yake, na anamwita kwa lugha mnayoamriwa nayo wote."

Kisha alichora duara nje ya ukuta. Hapo palikuwa na uwanja wa michezo wa mawe. Yule jenerali alificha humo vijana wake ili watoke ghafla na kuwapiga wenzao kwa nyuma. Watu wa mji wakawaona kutoka juu ya ukuta, wakatoa habari. Basi askari wa mashariki wakaifunga milango ya uwanja huo, na wapiga mishale wao wakapanda juu, kwenye viti vya watazamaji. Akifika hapo Mwalimu alikuwa analaza kiganja chake juu ya duara, kama mtu anayefunika sufuria. Wengi wetu tulirudi kwenye mashine bila kumaliza kula.

Lakini kilichomtia wazimu hasa kilikuwa kanisa. Kaizari wa mashariki hakuwa vitani. Alikuwa nje ya mji, katika kanisa la wafia dini, anasali pamoja na askofu wa mahali pale. Askofu alikuwa mjanja. Alikuwa amepanga watu wake njiani wamletee habari kabla mtu mwingine hajazipata. Zilipomfikia, alimwambia kaizari kwamba adui amekimbia. Kaizari akataka kumwona aliyeleta habari hizo njema. Askofu akajibu kwamba ni malaika.

"Malaika!" Mwalimu aligonga meza, vikombe vikaruka. "Na mwenzake akaamini! Kesho yake akapanda mahali pa juu, akaona uwanda umejaa maiti mpaka mtoni, akalia. Akaamuru wazikwe wote, wake na wa adui. Machozi yanakuja kazi ikiisha! Na vitabuni wanaandika kwamba yalikuwa mapigano ya kuamua. Yaliamua nini? Yule jenerali alikimbia, wakapigana karibu miaka miwili tena. Na mpaka wa Roma ukabaki wazi, kwa sababu waliotakiwa kuulinda walikuwa wamelala Mursa."

Alikuwa anasimulia hivyo kwenye sherehe za ubatizo, kwenye ngazi za ghorofa yetu, na mbele ya msikilizaji mmoja au hamsini. Hasira yake haikupungua hata mara moja. Nilidhani ni hasira ya msomi.

Pia alikuwa na wema wake, na siwezi kuuficha kwa sababu tu sasa nina uchungu naye. Nilipotaka kuacha ghala na kusomea kazi ya kutunza wazee, ni yeye aliyekaa nami kwenye gari langu, nje ya ghorofa yetu, akinisomesha Kiingereza cha viungo vya mwili mpaka nikaota mifupa. Nilifaulu. Alijaza fomu za watu wa jengo zima, Wakongo kwa Warundi, na akigundua umeandika uongo hata mdogo alikurudishia karatasi. Alisahihisha kwa kalamu nyekundu vijikaratasi vya ibada ya mazishi. Watoto wetu aliwafundisha Kiswahili. Wakimjibu kwa Kiingereza alijifanya kiziwi, wakapiga kelele mpaka wakachoka wakasema Kiswahili.

Mapadre aliwasema vibaya wiki nzima, na Jumapili alisimama kwenye kwaya akaimba besi huku amefumba macho. Lakini hakupanga mstari wa komunyo kamwe. Nilimwuliza mara moja.

"Mwalimu, kwa nini hupokei?"

"Mimi naimba tu."

Baada ya misa alikuja kwetu. Hiyo ilikuwa desturi ya miaka sita. Mama yangu alimpikia bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala za ziwani akizipata, akamwekea sahani yake ya bluu ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuitumia. Mwalimu alinawa, akakaa, akasema, "Asante, Mama Wilondja." Wilondja ni kaka yangu, mtoto wa kwanza. Alikuwa mwaka wa mwisho sekondari, kule kwetu Kongo, juu ya ziwa, na Mwalimu ndiye aliyekuwa akimfundisha. Mimi nilikuwa na miaka minane vita vilipofika. Nakumbuka Mwalimu akija mlangoni kwetu, kofia mkononi, akimwambia mama kwamba wapiganaji wamewakamata vijana njiani wakitoka shule, wakaenda nao, na wameuawa. Mama alianguka. Mwalimu ndiye aliyemshika.

Kwa hiyo mama alimheshimu kuliko padre. Huyu alikuwa mtu wa mwisho kumfundisha mwanawe kitu.

Kilichonifanya nimpende mimi mwenyewe kilitokea Lewisville. Watu wa kwetu walikodi ukumbi wa mikutano katika jengo moja la nyumba za kupanga, wakafanya maombi kwa ajili ya nyumbani. Mchungaji aliyeongoza alisimama mchana, akafumba macho, akasema ameonyeshwa katika maono kwamba vijana wetu wameteka vilima. Baada ya dakika chache simu zikaanza kulia: video imetumwa, ni kweli, vilima vimetekwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Watu walikumbatiana. Kwenye video kulikuwa na vijana wamelala kifudifudi kwenye majani, na mtu alikuwa akiwahesabu kwa sauti kwa Kiswahili chetu kabisa.

Mwalimu alinyanyuka. "Mchungaji, malaika wako ana namba ya simu?"

Mchungaji akafumbua macho.

"Maana mimi nimetumiwa video hiyo asubuhi, na wewe umeona maono saa sita."

Wachache walicheka kabla ya kukumbuka kwamba walipaswa kukasirika. Mwalimu hakuwangoja. "Mnapiga vigelegele humu ndani kwenye ubaridi wa mashine, magari yenu yako hapo nje, na wote mtalala kwenu. Huyu aliyelala kwenye majani ana mama! Mmemwona mama yake kwenye video? Mtu anayewatuma watoto wa wenzake kufa, halafu anaingia kusali, Mungu amfanye nini?"

Wanaume wawili walimshika mikono wakamtoa. Nilikusanya watoto wangu nikamfuata, nikamrudisha Euless kwa gari, na njia nzima nilijisikia nimembeba mtu mkubwa. Nilijivunia. Naandika hili ili ijulikane kwamba nilijivunia.

Mwaka ule ule tulikwenda kuzika bibi mmoja wa kwetu huko Cedar Hill. Mimi ndiye niliyempakia Mwalimu. Mama alibaki nyumbani na watoto. Baada ya makaburini watu walikuwa wakila ukumbini, na kama kawaida Mwalimu alipata kundi la kumsikiliza. Alikuwa amefika kwenye kanisa la wafia dini, kaizari amepiga magoti, wakati mtu mmoja alipokuja na sahani yake akasimama mbele yake. Alikuwa mwanaume wa rika la kaka yangu, mwenye kovu refu shingoni. Baadaye nilijua anaitwa Asukulu, na kwamba alikuwa amehamia Dallas mwezi huo, anafua mashuka hotelini.

"Endelea, Mwalimu," alisema. "Waambie na kanisa letu."

Mwalimu alimtazama, na uso wake ukawa kama karatasi.

"Bon, kama hutaki nitawaambia mimi." Asukulu aliweka sahani chini. Hakuzungumza na Mwalimu tena, alizungumza na sisi. "Nilikuwa darasa lake la mwisho. Siku hiyo aliingia asubuhi akasema leo hakuna somo. Akasema kile kilima juu ya ziwa, atakayekishika leo amemaliza vita. Mapigano ya kuamua, hivyo ndivyo alivyosema. Akatuita kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa akasimama. Nani angebaki amekaa? Anayeita ni Mwalimu! Bunduki zilikuwa zinatungoja nyuma ya jiko la shule. Akatusindikiza mpaka barabarani. Halafu yeye akaingia kanisani kutuombea."

"Na upande wa pili walikuwa akina nani?" mtu aliuliza.

"Wanafunzi. Wale wa shule ya bondeni. Tulikuwa tunacheza nao mpira. Aliyenipiga hapa shingoni aliniita kwanza kwa jina langu, kama anataka kuhakikisha. Tulibaki watatu, na wale wawili wengine wameshakufa."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Wilondja alikuwepo?"

Asukulu hakunijua. Alijibu kama mtu anayejibu jambo dogo. "Wilondja ndiye aliyeitwa wa kwanza. Ndiye aliyekuwa anampenda kuliko sisi wote."

Nilimgeukia Mwalimu. Nilingoja aseme huyu ni mwongo. Aliweka kikombe chake cha chai mezani, akarekebisha tai, akasema, "Ni kweli." Kisha alitoka nje, akaanza kutembea kando ya barabara kubwa kwenye jua, na kutoka Cedar Hill hadi Euless si mahali pa kwenda kwa miguu. Nilikuwa na ufunguo wa gari mkononi. Nilimwacha aende.

Watu wameniambia tangu wakati huo kwamba nisiwe na hasira kiasi hiki. Vita ni vita, wanasema, na yeye alikuwa kijana, na huenda alitishwa. Sikatai kwamba watu walitishwa. Lakini hakuna aliyemtisha alipokuja mlangoni kwetu na kofia mkononi na habari ya uongo. Hakuna aliyemtisha Jumapili zile zote, miaka sita, akinawa mikono yake na kumwita mama yangu kwa jina la mtoto ambaye yeye mwenyewe alimsimamisha kwenye dawati. Alimtukana kaizari kwa miaka yote hiyo, akamtukana mchungaji wa watu mbele ya ukumbi mzima, na mimi nikampigia makofi moyoni. Alikuwa na maneno ya kumlaumu kila mtu aliyekufa zamani. Kwetu sisi tulio hai alikosa hata sentensi moja.

Mama nilimwambia kesho yake asubuhi. Sikupunguza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, akaosha ile sahani ya bluu, akaifuta vizuri, akatoka nje akaiacha juu ya pipa la taka. Akarudi akaniuliza kama watoto wamekunywa chai.

Miaka miwili hatukumwona. Niliuacha ujumbe wake wa sauti kwenye simu bila kuusikiliza, kisha nikaufuta. Nilisikia sukari imemla mguu mpaka wakaukata, na binti yake aliyekuwa Houston amekuja kumchukua. Sikuhisi huruma. Kazini kwangu nawageuza wazee kitandani, nawafuta, nawalisha, na kila siku nilijiambia kwamba yule nisingemgeuza.

Mwaka huu, Jumamosi moja, mama alitoka chumbani amevaa kitenge cha kanisani.

"Nipeleke Houston."

"Kufanya nini, mama?"

"Nina swali."

Ni mwendo wa zaidi ya saa nne. Mama hakutaka redio. Binti wa Mwalimu alitufungulia, akatuona, akarudi nyuma bila kutukaribisha wala kutuzuia. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, shati la mikono mirefu, bila tai. Amekonda hadi nilimtambua kwa masikio. Alipomwona mama alijaribu kusimama kwa mguu ambao hana.

"Mama Wilondja…"

"Usiniite hivyo."

Mama alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yake yakikaribia kumgusa. Mwalimu alianza kusema kitu kuhusu historia, kwamba katika vita vyote vya aina hii watu wanaoheshimika huwa…

"Sikuja kwa sababu ya Warumi," mama alisema. "Mtoto wangu yuko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kulifikiria. Nilitaka aungame, nilitaka aaibike, nilitaka apige magoti. Mama alitaka mahali.

Mwalimu alifumbata mikono yake. Alisema kwamba siku iliyofuata alipanda kilimani na makatekista wawili, na walizika wote walioweza, wa shule zote mbili, shimo moja. Alisema ni chini ya kilima, upande wa ziwa, mahali njia ya ng'ombe inapokata kijito, kuna mawe matatu makubwa. Alimwona Wilondja kwa macho yake. Alimfunga uso kwa koti lake mwenyewe.

"Alikuwa na jeraha wapi?"

"Kifuani."

"Alikuwa na viatu?"

"Hapana. Walikuwa wamevichukua."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama anapokea vitu na kuviweka kimoja kimoja.

"Ulikula kwangu miaka sita," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Nilidhani ataleta maelezo marefu. Alikuwa mtu wa maelezo marefu. Alijibu kwa sauti ndogo, akitazama zulia. "Ungenifukuza. Sikuwa na mahali pengine pa kula na watu."

Hasira ilinipanda. Nilisema, "Kwa hiyo ni chakula? Kaka yangu alilala porini bila viatu, na mama yake hajui, kwa sababu ya sombe?" Binti yake alianza kulia kule jikoni. Mama aliniwekea mkono kwenye goti ili ninyamaze, nami nikanyamaza, lakini sikutulia.

"Wengine pia wana mama," alimwambia Mwalimu. "Unawakumbuka?"

"Wote."

"Akina mama waliobaki hai wako wapi?"

Alimtajia. Mmoja yuko Kigoma. Mmoja bado kambini. Mmoja alirudi nyumbani, wawili wako Bujumbura. Alijua. Alikuwa amewafuatilia miaka yote hii, mwizi huyu, na alijua kila mmoja yuko wapi na anaishi na nani.

"Namba zao unazo?"

"Ninazo."

Mama aliokota simu ya Mwalimu kutoka dirishani, akaiweka juu ya paja lake lililobaki. Ilikuwa karibu saa sita mchana huku Texas, kule jua limekwisha kuzama na watu wako nyumbani.

"Anza na wa Kigoma."

"Mama, nipe muda nijitayarishe. Nitawapigia, naapa. Kesho…"

"Sina haraka," mama alisema, akajiegemeza kwenye kiti. "Nitakaa hapa mpaka umalize wote."

Mwalimu alinitazama mimi, kana kwamba mwanafunzi wake wa kambini angemwombea. Sikumwombea. Alibonyeza, akakosea, akabonyeza tena. Mama akamshikia simu sikioni kwa mkono wake mwenyewe. Iliita mara nyingi. Kisha tulisikia sauti ya mwanamke mzee, ya mbali, ikiuliza nani anayepiga.

Mwalimu alitaja jina lake lote. Halafu akasema, "Mama, uko peke yako? Basi ita mtu akae na wewe. Nitangoja."